Mashine Iliyokuwa Kwenye Majaribio

Katika karakana ya chama kulikuwa na sheria moja ambayo Fundi mwenyewe ndiye aliyeipigania mpaka ikapita. Mashine ya oksijeni ikishatengenezwa, haiendi kwa mgonjwa kabla haijakesha. Inawashwa mchana na usiku mfululizo, na ubavuni inabandikwa karatasi yenye maneno KWENYE MAJARIBIO, ambayo Fundi huandika juu yake, kila baada ya saa chache, kipimo cha hewa kimesomaje. Siku ikitimia, Katibu huisoma karatasi na kutia sahihi, ndipo ibanduliwe. Zamani waliwahi kutoa mashine mbichi mbichi ikazimika mgonjwa akiwa usingizini, na tangu siku hiyo ukimwambia Fundi neno haraka anakutazama kama umemtukana.

Katibu alikuwa mkewe. Chama nacho, kama utataka kujua kilikozaliwa, kilizaliwa chumbani kwao. Mama yake Katibu alifariki akaacha kitanda cha hospitali, kile cha kuinuka kichwani kwa mkono wa chuma, na wiki haijaisha jirani akaja kukiazima. Jirani akakirudisha, mwingine akabisha hodi. Mwaka wa pili kulikuwa na vitanda vitatu, viti vya magurudumu viwili na magongo yasiyohesabika, na Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti ya watu, akajikuta mchana kutwa anachomelea miguu ya vitanda.

Watu hawakukielewa. Jirani mmoja aliposikia ni shirika lisilo la faida alimpa Fundi pole na kumshauri alifunge mapema kabla halijamfilisi. Hata siku ya kuandikisha, afisa aliyekuwa na fomu aliuliza mmiliki ni nani, Katibu akamjibu hakuna. Afisa akasema mahali pa jina hapawezi kubaki patupu. Katibu akaichukua kalamu akaandika mwenyewe, "Hakina mwenyewe," akamrudishia fomu, na afisa akaitazama muda mrefu kama mtu aliyepewa chenji ya nchi nyingine.

Wanaojitolea walipokuja, Katibu alikuwa na maneno yake ya kuwaambia. Duka likipata ziada, alisema, mwenye duka anaongeza chumba kwake. Sisi tukipata ziada inanunua godoro la mgonjwa mwingine. Hapa hakuna wa kuongeza chumba. Na mwanachama akiugua, au mama wa mwanachama, au mtoto wake, anaandikwa mwisho wa orodha kama mtu yeyote aliyetoka barabarani. Wakiona hilo ni gumu, waende zao sasa hivi wala hawatalaumiwa. Wengine walikwenda. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na moyo si kila mtu aliondoka nao nyumbani asubuhi.

Basi mapafu ya Katibu yakaanza kukakamaa. Mwanzoni alishindwa ngazi, kisha akashindwa uwanja, kisha akashindwa kutoka kitandani mpaka dirishani. Daktari alisema tiba imefika mwisho wake, kilichobaki ni hewa, na hewa angeweza kuipatia nyumbani. Kitanda chake pale wodini kilikuwa kinasubiriwa. Mashine za chama zilikuwa tano, zote ziko kwa watu. Katibu akaomba aletewe orodha, akajiandika chini kabisa kwa mkono wake, wa sita.

Kwenye orodha ile mtu husogea kwa sababu mbili tu, kwamba aliye na mashine amepata nafuu, au kwamba mmoja amekufa. Katibu aliijua vizuri kuliko wote. Kila alipoambiwa amesogea, hakuuliza sababu, alifumba macho kidogo. Jumatatu ambayo mambo haya yanaanzia alikuwa wa tatu. Mbele yake kulikuwa na Dereva, mzee aliyeendesha malori miaka thelathini na sasa akiishi na binti yake msusi. Halafu Mwalimu wa chekechea, mwanamke wa makamo ambaye sauti ilikuwa imemkauka hata kuita watoto hawezi tena.

Jumatatu hiyo mashine moja ilirudi kutoka kwenye nyumba ya msiba, chujio limeziba na feni inapiga kelele. Haikumpa Fundi kazi kubwa. Ilipofika saa tisa alasiri alikuwa ameiwasha, amebandika karatasi, ameandika kipimo cha kwanza, kizuri. Akakaa kwenye kigoda akaitazama ikipuliza. Mpira wake wa kupumulia ulikuwa umelala juu ya meza, unatoa hewa safi, na hewa hiyo inakwenda kwenye vipande vya mbao na makopo ya rangi. Nyumbani mkewe alikuwa ameegemea mito mitatu, maana akilala chali anazama. Miezi miwili hajanyoosha mgongo.

Wazo lilimjia kwa adabu, kama mgeni anayevua viatu mlangoni. Mashine lazima iwake mchana na usiku, sawa. Lakini sheria haisemi iwake wapi. Kesho alasiri angeirudisha, imepimwa, na hewa haingepotea bure. Fundi hakuwa mwizi. Nasema hivyo mapema kwa sababu wapo watakaotaka kumwita hivyo, nami nilimfahamu. Aliipakia kwenye gari kuukuu la chama, akaifunika turubai, jambo ambalo hajawahi kulifanya kwa mashine yoyote, akaenda nayo nyumbani.

Mkewe alipoiona ikiingia mlangoni aliuliza, neno kwa neno na pumzi kwa pumzi, kama zamu yake imefika. Angesema hapana, naijaribu tu, mambo yangekuwa mengine, ingawa asingekubali kuvaa mpira. Fundi alijua asingekubali. Akasema imefika. Akaulizwa Dereva je. Akasema amerudishwa hospitali, wamempa kitanda. Na Mwalimu? Amechukuliwa na kaka zake, wana uwezo, wamemnunulia yake. Uongo ulimtoka mmoja nyuma ya mwingine, umepangwa vizuri, mpaka yeye mwenyewe akashangaa ulikuwa unakaa wapi siku zote. Mkewe akasema, "Mungu awazidishie," akainua kidevu ili avishwe.

Baada ya muda mfupi midomo yake ilirudi rangi. Aliomba atolewe mto mmoja, kisha wa pili. Akalala chali. Akalala usingizi, mdomo wazi, akikoroma kidogo kama alivyokuwa akikoroma enzi za afya na Fundi akimtania kwamba anaendesha trekta. Fundi alikaa ukingoni mwa kitanda akalia, analia na kufurahi.

Jumanne alasiri majaribio yalitimia. Fundi aliitazama saa ya ukutani ikipita tisa, ikipita kumi. Jumatano Mwenyekiti, mkunga mstaafu mwenye sauti ya kuamrisha, aliyekuwa akisaini karatasi kwa niaba ya Katibu tangu augue, aliuliza mashine imefikia wapi. Fundi akasema bado inasumbua, kipimo kinapanda na kushuka, anaiangalia. Mwenyekiti hakuuliza mara ya pili. Katika mambo ya mashine neno la Fundi lilikuwa halipimwi.

Alhamisi alikuja binti wa Dereva, yule msusi. Alisimama mlangoni mwa karakana, mikono inanuka mafuta ya nywele, amekimbia dakika chache amemwacha mteja na nusu ya kichwa. Hakuja kugombana. Alitaka kujua tu kama ni leo au kesho, ili amwandalie baba mahali karibu na swichi. Fundi alikuwa ameshika bisibisi na hakuna alichokuwa anafungua nayo. Akasema iko kwenye majaribio. Msusi akashukuru, akaondoka nusu anakimbia.

Siku hiyo Fundi hakula. Alijiambia kesho ataipeleka. Akarudi nyumbani akamkuta mkewe ameketi, anachambua kikapu cha nyuzi zake, anauliza kuna nini cha kula, naye akajiambia keshokutwa. Mtu asikwambie dhamiri ya Fundi ilikufa. Ilikuwa hai na inamtafuna, ila kila akifungua mlango wa chumba anaona kifua cha mkewe kinapanda na kushuka bila shida, na dhamiri inaambiwa ingoje nje.

Na hapa ndipo kuna jambo la ajabu, ambalo mwizi wa kweli angelicheka. Karatasi ilikuwa bado imebandikwa. Haikuwa na sahihi, na karatasi isiyo na sahihi haitoki. Miaka kumi na moja Fundi hajabandua karatasi isiyosainiwa, na mkono wake ulikataa. Zaidi ya hapo, alikuwa anaendelea kuijaza. Asubuhi anaandika kipimo, mchana anaandika, jioni anaandika, tarehe na saa, kwa mwandiko wake wa herufi zilizosimama wima. Alikuwa amegeuza ubavu huo ukutani, akaona inatosha.

Njia ya mwongo ni fupi. Ijumaa asubuhi, kwa nguvu zilezile alizopewa na mashine ile, Katibu alishuka kitandani peke yake. Alitaka kuisogeza, ilikuwa imebana pazia. Fundi alikuwa jikoni anachemsha maji. Aliporudi na sufuria mkononi alimkuta ameketi sakafuni, mpira bado puani, mashine imegeuzwa, anasoma karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, kama alivyokuwa akizisoma zote.

Hakumkemea. Aliuliza nani anaisubiri. Fundi akaweka sufuria chini akasema kweli, Dereva, na baada ya Dereva, Mwalimu. Aliuliza hospitali hakwenda? Hakwenda. Na kaka zake Mwalimu? Fundi akatikisa kichwa.

"Siku nne," mkewe alisema.

"Katibu, nisikilize." Hata nyumbani alikuwa akimwita hivyo, ulianza utani ukawa jina. "Jumatatu nyingine huenda ikarudi moja. Nimesikia yule mama wa sokoni anapata nafuu. Ngoja tu hadi Jumatatu. Ukiivua utanifia."

"Kila mtu kwenye ile orodha ana mtu wake anayesema hivyo hivyo."

"Mimi si kila mtu. Ni mumeo. Chama chenyewe ni wewe umekizaa."

"Ndiyo. Na wewe umekitia mfukoni." Alinyamaza avute pumzi, akiitumia kwa hesabu maana alijua inakwisha. "Sikukasirikii, mume wangu. Nimelala siku nne kama mtu. Lakini mtu mwingine hakulala, na mimi nimelalia zamu yake bila kujua. Usinifanye niilalie nikijua."

Fundi alipiga magoti. Aliomba kwa maneno ambayo hayana haja ya kuandikwa hapa, ya mume na mke, mengine ya miaka ya ujana wao. Alimwambia hataki chama, kichukuliwe, kifungwe, anamtaka yeye. Mkewe alimshika kichwa akamwacha amalize. Kisha akaomba kalamu. Akatia sahihi chini ya kipimo cha asubuhi, akaandika tarehe, akaibandua karatasi pole pole isichanike. Akavua mpira, akaukunja mara tatu kwa namna aliyokuwa akiwafundisha wanaojitolea, akamrudishia. Fundi akampandisha kitandani na kumrudishia mito yote mitatu.

Nyumba ya Dereva ilikuwa na geti alilolichomelea Fundi mwenyewe. Alilikuta wazi. Wanaume wawili walikuwa wanashusha mabenchi, na mwanamke mmoja anafagia uwanja ambao ulikuwa tayari umefagiliwa. Hakuhitaji kuambiwa, lakini aliambiwa. Msusi alitoka mlangoni amejifunga kanga kiunoni, akamwona Fundi na gari, akafahamu amekuja na nini.

"Baba alituacha alfajiri," alisema. Kisha akamshukuru kwa kuja. Akasema mpelekee mwingine, sisi hatuihitaji tena, na akarudi ndani kwa wageni.

Fundi alikaa garini, funguo mkononi. Dereva hayupo. Mkewe sasa alikuwa wa pili, na kati yake na mashine alibaki mtu mmoja, Mwalimu wa chekechea, ambaye hakuna aliyemwambia kwamba mashine inatembea mjini leo. Nyumbani ilikuwa kulia na kwa Mwalimu kushoto. Alifika njia panda akaegesha pembeni, na watu waliopita walimwona mzee mzima ameegemea usukani, wakadhani gari limemzimikia. Mmoja alimuuliza kama anataka kusukumwa. Fundi akasema asante, linawaka, akapinda kushoto.

Mwalimu aliishi vyumba viwili vilivyojaa michoro ya watoto. Mumewe alisaidia kuinua mashine. Fundi akamfundisha kuwasha, kusafisha chujio kila wiki, kutoiweka karibu na jiko. Aliyasema yote kwa mpangilio bila kusahau hata moja. Mwalimu hakuweza kusema. Alipovishwa mpira na pumzi ikamwingia, aliukamata mkono wa Fundi akaubana, akaubana tena. Fundi alimwambia apumzike, akatoka haraka, kwa kuwa alihisi akibaki dakika moja zaidi ataing'oa.

Mkewe alikuwa macho. Midomo ilikuwa imerudi kuwa ya kijivu. Swali lake lilikuwa fupi, kama Dereva amepumua.

Fundi akasema amepumua.

Akataka kujua alisemaje. Basi Fundi akakaa, akamtungia. Akasema yule mzee alilalamika kwamba mashine inanguruma kuliko lori lake la kwanza, na kwamba kama angejua angeomba yenye gia. Akasema binti yake alicheka. Akasema alipoondoka alimwacha amelala chali. Katibu alitabasamu, akacheka kidogo, kicheko kikamgeuka kikohozi, na kilipotulia akasema vizuri. Fundi akamfuta midomo.

Alifariki Jumapili, mchana kweupe, ameegemea mito mitatu, mkono wake ndani ya mkono wa mumewe. Mashine ya mama wa sokoni ilirudi Jumanne.

Msiba ulijaa. Walikuja watu ambao Fundi hakuwajua, mmoja kwa magongo, mwingine kwa kiti cha magurudumu ambacho mara moja aliona gurudumu lake la kushoto limelegea. Kila mmoja alikuwa na kitanda chake cha kusimulia, au godoro lake. Mwenyekiti alisimama akaeleza kwamba marehemu alikuwa na mashine nyumbani na akaitoa kwa zamu ya mwenzake, maana hivyo ndivyo Fundi alivyomwambia, nusu ya habari, na watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Fundi alitazama chini.

Siku ya tatu alikuja msusi, naye akiwa na msiba wake mwenyewe. Alikaa kwenye mkeka karibu na Fundi akampa pole, akapewa pole. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na jambo alilolibeba na alitaka kulitua.

"Ile Alhamisi nilirudi nikamwambia baba mashine iko kwenye majaribio," alisema. "Nilikuwa na hasira. Yeye akasema mwacheni Fundi aijaribu vizuri. Akasema ametembea na breki mbovu zaidi ya mara moja na anajua thamani ya fundi asiyeharakishwa. Nilitaka ulijue hilo. Alikufa hana kinyongo na wewe."

Fundi angeweza kuinamisha kichwa tu, na msiba ungemfunika, hakuna mfiwa anayeulizwa kwa nini amenyamaza. Mkewe alikwenda akiamini Dereva amepumua. Na huyu naye angekwenda akiamini vyake, na wote wangekuwa na amani isipokuwa yeye.

"Haikuwa kwenye majaribio," alisema. "Majaribio yalikwisha Jumanne. Ilikuwa hapa, chumba kile. Alikuwa nayo mke wangu. Yeye hakujua, nilimdanganya, na alipojua aliivua saa ileile. Ni mimi."

Vidole vya msusi vilikuwa vinasuka pindo la kanga, vinafumua, vinasuka tena. Wanawake waliokuwa wakiosha vyombo uani walicheka jambo fulani, kama watu wanavyocheka msibani wakisahau, wakanyamaza.

"Ilimsaidia?" aliuliza mwishowe.

"Alilala siku nne."

"Baba siku hizo nne hakulala hata moja," msusi alisema. "Nilikuwa namshikilia mgongo."

Lakini hakuondoka. Alijivuta nyuma akaegemea ukuta, bega lake hatua moja kutoka kwa bega la Fundi, na wakakaa hivyo mpaka wageni wengine walipoingia na ikabidi wasogee.